Duka la mtandaoni: angalia kwanza mteja wako analipaje, jukwaa litafuata

doti_na_vikoi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahidi muda mrefu. Leo umeme upo na watoto wamelala, naandika.

Nauza khanga, vikoi na vitenge, nipo Dar. Mzigo mwingi natoa Kariakoo, vikoi vingine naletewa kutoka Zanzibar. Nilianza na WhatsApp na Instagram kama wengi wetu, nikakaa miezi mitano na duka la Shopify, na sasa naingia mwaka wa tatu na WooCommerce. Hayo mawili ni majukwaa, yaani programu za kujengea duka la mtandaoni. Kila wiki naulizwa inboksi, "Dada, nichukue lipi?" Karibu wote wanaouliza wanaanzia pale pale nilipoanzia mimi, kwenye muonekano: lipi linapendeza, lipi lina templeti za kuvutia. Mimi nilichagua kwa macho. Kitu cha kuangalia kilikuwa simu ya mteja wangu, ile dakika anayoweka namba ya siri ili hela itoke kwake ije kwangu. Nilichelewa kuliona hilo, na limenigharimu karibu milioni moja.

Katika oda kumi ninazopata, nane zinalipwa kwa simu: M-Pesa, Mixx by Yas ambayo wengi bado tunaiita Tigo Pesa, Airtel Money, HaloPesa. Moja inakuja kwa benki na moja kwa kadi, na wa kadi mara nyingi ni mtu aliye nje ya nchi. Sasa angalia majukwaa makubwa ya dunia. Yamejengwa kwa ajili ya mtu ambaye akitaka kununua anatoa kadi. Mteja wangu kadi anayo, anatolea mshahara ATM basi. Kuandika namba za kadi hiyo kwenye tovuti ya mtu asiyemjua hakubali, na simlaumu.

Shopify ni ya Kanada, ilianza 2006. Walioianzisha walikuwa wanauza mbao za kutelezea kwenye theluji, wakakosa programu ya duka iliyowaridhisha, wakatengeneza yao. Ni kazi safi, nasema kwa moyo mweupe. Nilianza kulijenga duka jioni na kesho yake mchana lilikuwa linafanana na maduka ya watu wakubwa. Lakini Shopify wana huduma yao wenyewe ya kupokea malipo, na huduma hiyo haipo Tanzania wala Kenya. Kwa hiyo inabidi utafute kampuni nyingine ikupokelee hela, na kwa kuwa hukutumia huduma yao, kwenye kifurushi cha Basic wanakukata asilimia 2 ya kila mauzo. Hapo bado makato ya hiyo kampuni inayokupokelea, bado ada ya mwezi. Basic ilipopandishwa mwanzoni mwa 2023 ilifika dola 39 kwa mwezi, au dola 29 kwa mwezi ukilipia mwaka mzima kwa mkupuo.

Tupige hesabu. Dola tuiweke shilingi 2,600. Dola 39 ni shilingi 101,400 kila mwezi, uuze usiuze. Mauzo yangu wakati ule yalikuwa kama milioni tatu kwa mwezi, asilimia 2 yake ni 60,000. Jumla 161,400. Kampuni ya malipo tuchukulie inakata asilimia 3, hapo ni 90,000 nyingine. Tumefika 251,400. Faida ya doti moja ya khanga wanaouza wanaijua, elfu mbili, elfu tatu ukipata bei nzuri. Tuseme elfu tatu. Unatakiwa uuze doti 84 kila mwezi kabla hujanunua hata mfuko wa kufungia mzigo. Ukiacha makato ya kampuni ya malipo, ambayo ningeyalipa popote, zidisha ile 161,400 mara tano na uongeze templeti niliyonunua. Ndiyo hiyo karibu milioni.

WooCommerce ni plagini (programu ya kuongezea) ya WordPress, ambayo ni programu ya kujengea tovuti. Ilitoka 2011, na tangu 2015 ipo chini ya Automattic, wale wenye WordPress.com. Yenyewe ni bure. Unalipia seva ya kukodi, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, na jina la tovuti. Mimi nina jina la .co.tz, na vyote viwili havifiki laki tatu kwa mwaka. Haikati chochote kwenye mauzo. Halafu kampuni za malipo zinazofanya kazi huku kwetu, kama Pesapal, DPO, Flutterwave na AzamPay, zina plagini za kuunganisha nayo. Mteja anaandika namba yake ya simu, ujumbe unajitokeza kwenye skrini yake, anaweka namba ya siri, oda inajibadilisha yenyewe kuwa imelipwa.

Bure hiyo ina kazi yake na sitaificha. Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

fundi_seva

Dada umeeleza vizuri upande wa hela. Upande wa pili ngoja niueleze mimi, kwa sababu mimi ndiye napigiwa simu saa nne usiku WooCommerce ya mtu ikigoma. Shopify wanakutunzia seva, ulinzi, nakala za akiba, masasisho, kila kitu. WooCommerce vyote hivyo ni vyako. Nimeona maduka yana plagini 40, nusu yake hazijasasishwa mwaka mzima, na mwenye duka hajui hata nenosiri la seva yake yupo nalo nani. Siku tovuti ikiingiliwa, ile hela aliyookoa kwa kutolipia Shopify inakwenda kwa fundi.

Kuna jambo lingine. Wezi wa kadi wanapenda maduka madogo. Wanapitisha oda ndogondogo mia kwa usiku mmoja kujaribu namba za kadi walizoiba. Kampuni ya malipo ikiona hivyo inakufungia wewe.

doti_na_vikoi

Mkuu hujakosea hata neno moja, na nashukuru umelisema.

Yangu yalinikuta siku tatu kabla ya Idi. Wanaouza khanga wanajua siku hizo zina uzito gani. Niliingia asubuhi nikakuta alama ya masasisho 11, nikayabonyeza yote kwa pamoja. Ukurasa wa malipo ukawa mweupe. Bidhaa zinaonekana, kikapu kinaonekana, mteja akifika kulipa hakuna kitu. Nilikuja kugundua baada ya saa sita, pale mteja wangu wa Tabata aliponipigia. Mara nyingine niliweka plagini ya kuharakisha tovuti, ikawa inahifadhi nakala ya ukurasa wa kikapu pia. Mteja mmoja akafungua akakuta vikoi vya mtu mwingine. Ile iliniumiza zaidi ya Idi, maana mteja akiona vile anajiuliza na namba yake ya simu nani anaiona.

Sasa nafanya hivi. Nakala ya akiba inachukuliwa kila usiku na inakaa mahali pengine kabisa, nje ya seva hiyo. Masasisho nafanya Jumanne asubuhi, moja moja, na kila baada ya moja najaribu kununua. Wiki mbili kabla ya Idi na kabla ya Krismasi sigusi chochote, labda iwe sasisho la usalama. Plagini zilikuwa 31, zimebaki 14. Ukurasa wa kikapu, wa malipo na wa akaunti ya mteja nimeuondoa kwenye ile plagini ya kuharakisha. Kadi nimeziruhusu kwa kampuni moja tu, yenye kumtaka mteja athibitishe na benki yake.

Nenosiri la seva na la jina la tovuti yapo kwangu. Fundi ana akaunti yake, na siku tukiachana naifuta. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina lako wewe mwenye duka. Watu wamepoteza maduka kwa hili.

vitabu_nrb

Hujambo dada. Mimi niko Nairobi, nauza vitabu vya watoto na vifaa vya shule. Niko Shopify mwaka wa nne na sina mpango wa kuhama.

Sababu ni hii. Tuko watatu dukani na hakuna fundi kati yetu. Mwezi wa Januari shule zikifunguliwa, oda zinaingia kwa fujo wiki mbili, kisha kunatulia. Wiki hizo mbili tovuti ikizimika nimepoteza mwaka. Mzazi mmoja akinunua orodha nzima ya darasa la nne ananiachia faida ambayo wewe unaipata kwa doti nyingi sana. Ile asilimia 2 naihesabu kama mshahara wa fundi ambaye sijamwajiri. Malipo yangu karibu yote ni M-Pesa, nimeunganisha kampuni ya hapa Kenya, mteja anapata ujumbe kwenye simu anaweka PIN, imeisha.

Mwenye fundi wake anaweza kuunganisha moja kwa moja na Safaricom kupitia Daraja, mfumo wao wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, upo tangu 2017. Mimi sina, kwa hiyo nalipia.

doti_na_vikoi

Ndugu yangu wa Nairobi, ungekuwa jirani yangu ningekuletea chai. Hesabu yako ni sahihi kwa duka lako, na ndiyo hesabu ninayoomba kila mtu aifanye. Faida yako kwa oda moja ni kubwa, msimu wako ni mfupi na mkali, na hakuna wa kukaa na tovuti. Ukitoa asilimia 2 bado unabaki na mfuko. Mimi faida yangu kwa oda ni nyembamba na oda ni nyingi, asilimia 2 ya bei inakula karibu sehemu ya kumi ya faida.

Watu wengi hapa wanaangalia asilimia ya mauzo. Iangalie kwa faida. Doti ya elfu 15 yenye faida ya elfu tatu: asilimia 2 ni shilingi 300, ni sehemu ya kumi ya kile kinachobaki kwako.

mtumba_mwanza

Shikamoo dada. Mimi nauza viatu vya mtumba Mwanza, grade one. Kwa wiki natoa pea kumi na tano, ishirini. Kila kitu WhatsApp. Rafiki yangu ananiambia bila tovuti sina biashara. Nifungue WooCommerce?

doti_na_vikoi

Marahaba mdogo wangu. Usifungue, kwa sasa.

Fikiria bidhaa yako. Kila pea ni moja, hakuna ya pili. Ukiiweka kwenye duka utaipiga picha nne, utaandika saizi, hali ya soli, bei, kisha inauzwa mara moja na ukurasa wote unakufa. Mimi nikiweka khanga moja ukurasa unauza doti hamsini. Hiyo kazi kwako itakumaliza usiku kucha. WhatsApp Business ina katalogi tangu 2019, ni bure, na hali (status) ya WhatsApp ya asubuhi ukiwa umefungua belo inauza haraka kuliko tovuti yoyote.

Ila fanya mambo mawili. La kwanza, kila anayenunua andika namba yake, saizi yake ya mguu na alichopenda, kwenye faili lako mwenyewe. La pili, usiitegemee akaunti moja. Mimi ukurasa wangu wa mtandao wa picha ulifungwa siku 19 bila maelezo. Nilikuwa na wafuasi elfu 22 na sikuwa na namba ya hata mmoja kati yao. Siku zile 19 niliishi kwa wateja 60 waliokuwa kwenye simu yangu.

naomba_kujua

Wakuu mbona mnazungumzia mawili tu? Kuna PrestaShop, OpenCart, Magento, Wix. Na kwa nini tusiuze kwenye soko la mtandaoni la watu wengine, tukaachana na tovuti kabisa?

doti_na_vikoi

Nitaenda haraka kwa hayo manne.

PrestaShop ilianzishwa na Wafaransa 2007, na OpenCart ni nyepesi kuliko zote hapo. Zote mbili ni bure kama WooCommerce. Shida niliyoiona ni mafundi. Ukitafuta fundi wa WordPress Dar utampata mtaa huu na ule. Wa PrestaShop utamtafuta. Magento ni ya maduka makubwa, Adobe waliinunua 2018 kwa dola bilioni 1.68, na seva ya bei ndogo haiibebi. Iacheni. Wix ni rahisi kujenga, lakini tovuti uliyoijenga kule haitoki kule. Siku ukitaka kuondoka unajenga upya.

Soko la watu linastahili maneno zaidi. Ni kweli linakupa wateja tayari, na mimi siwakatazi watu kupeleka sehemu ya mzigo huko. Lakini kumbukeni soko la mtandaoni la Jumia Tanzania. Walifunga shughuli zao hapa Novemba 2019. Kenya na Uganda wakaendelea. Aliyekuwa anauza kule peke yake alibaki na stoo imejaa na hamjui mteja wake hata mmoja, kwa sababu mteja alikuwa wa soko, hakuwa wake.

Ndiyo maana swali langu la pili, baada ya malipo, ni: nikitaka kuondoka natoka na nini? Shopify wanakuruhusu kutoa bidhaa na wateja kwa faili la CSV (jedwali la kawaida), na mimi nilitoka navyo. Manenosiri ya wateja hayatoki, kila mtu ilibidi atengeneze jipya, na wengine hawakurudi. Viungo (linki) pia vilinipa kazi. Kule anwani ya ukurasa wa kila bidhaa ina neno lile lile la Kiingereza katikati na huwezi kulibadilisha. Nilikuwa na viungo zaidi ya mia tatu vilivyosambaa WhatsApp na Google. Nilikaa siku mbili naelekeza kila cha zamani kiende kwenye kipya. Asiyefanya hivyo, mteja anabonyeza kiungo cha mwaka jana anakuta ukurasa haupo.

Na kwa kuwa tunazungumzia majina na namba za watu: Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019. Ukiwa na WooCommerce, hayo majina yapo kwenye seva uliyokodi wewe. Usichukue taarifa usiyoihitaji.

wakala_mbagala

Mimi ni wakala wa miamala na nina duka dogo la vipodozi. Kampuni za malipo zinaomba leseni, TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki ya biashara, na mimi leseni bado nafuatilia. Nina Lipa Namba tu, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa simu. WooCommerce itanisaidia nini? Na hawa matapeli wa ujumbe feki wa muamala ninawaona kila siku hapa dirishani.

doti_na_vikoi

Kaka hili swali nililingoja, kwa sababu nimelilipia.

Unaweza kuanza na Lipa Namba. Ndani ya WooCommerce kuna njia ya malipo iliyowekwa kwa ajili ya kutuma hela benki. Ibadilishe jina, iandike "Lipa kwa Lipa Namba", kwenye maelezo weka namba yako, jina linalotokea mteja akilipa, na umwombe akutumie namba ya muamala pamoja na namba ya oda. Haihitaji plagini yoyote.

Sasa sikiliza kwa makini. Mimi mwanzoni sikuijua njia hiyo. Nilimwambia kijana mmoja aniandikie kipande cha programu cha Lipa Namba, naye akaziacha oda zote kwenye hali ya kusubiri malipo. WooCommerce ina mpangilio wa muda wa kushikilia bidhaa, na kwa kawaida huja ukiwa dakika 60. Oda inayosubiri malipo ikipita muda huo inafutwa yenyewe na bidhaa inarudi kuuzwa. Mteja wangu anaagiza akiwa kwenye daladala, anafika nyumbani, anakula, analipa saa tatu usiku. Oda imeshafutwa saa moja nyuma na kikoi kimeshauzwa kwa mwingine. Kwa mwezi mmoja nilikuwa narudisha hela kila baada ya siku mbili na sielewi kwa nini. Ile njia ya benki inaiweka oda kwenye hali ya kushikiliwa, na hiyo haifutwi na saa. Wanaotumia njia nyingine warefushe huo muda. Mimi nimeweka dakika 1,440, siku nzima.

Kuhusu ujumbe feki, wewe unajua kuliko mimi. Sitoi mzigo kwa skrinishoti wala kwa ujumbe uliosambazwa. Natoa nikiona salio limepanda kwenye simu yenye hiyo laini, basi. Kijana wangu wa bodaboda naye anajua kwamba hata mteja akimwonyesha ujumbe mlangoni, anasubiri neno langu. Hapa ndipo kampuni ya malipo inapolipa gharama yake: oda ikisoma imelipwa, uthibitisho umetoka kwenye mfumo wao, haukupita mkononi mwa mteja. Leseni ikitoka usikae, jiunge.

Ukijiunga, angalia namba za simu. Wateja wanaandika 07 mwanzo, wengine 255, wengine wanaweka alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Mifumo mingi inataka 255. Hakikisha plagini inarekebisha yenyewe, la sivyo ujumbe wa kuweka namba ya siri haumfikii na mteja anadhani duka lako ni bovu.

fundi_seva

Naongezea. Kuna ile ambayo hela imetoka kwa mteja lakini oda bado inasoma haijalipwa. Mara nyingi kampuni ya malipo ilituma uthibitisho, seva yako ikaukataa kwa sababu ya plagini ya ulinzi au cheti cha usalama kilichoisha muda. Kabla ya kumjibu mteja vibaya, ingia kwenye akaunti yako ya kampuni ya malipo ulinganishe. Cheti kipo cha bure cha Let's Encrypt, hakikisha kinajihuisha chenyewe.

bint_muscat

Salaam alaykum. Mimi nipo Muscat, bibi yangu ni wa Unguja, na huku khanga tunazitafuta sana harusi zikikaribia. Kama mnunuzi nawaambieni: mara nyingi nafika kwenye kulipa nakuta bei ina sufuri zimejazana siielewi, kisha nadaiwa postikodi na jina la mkoa wa Tanzania. Ninafunga.

doti_na_vikoi

Wa alaykum salaam dada yangu, umenigusa, maana hayo mawili yote nilikuwa nayo.

Sufuri zile ni senti. WooCommerce inakuja na tarakimu mbili baada ya nukta, kwa hiyo khanga ya elfu 15 inaandikwa 15,000.00 na mtu wa nje anasoma vingine. Ukienda kwenye mpangilio wa sarafu uweke sufuri, zinaondoka.

Fomu ya anwani nimeipunguza sana. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitupa postikodi na namba za nyumba, ni jambo jema, lakini mteja wangu wa Mbagala ataniambia nishushe Zakhem, geti jeusi, mkono wa kushoto. Basi kwa Dar naomba jina, simu, mtaa na kituo cha daladala cha karibu. Wa mikoani anachagua mkoa, na mikoa ya Tanzania WooCommerce inayo tayari, kwa hiyo kila mkoa unauwekea bei yake ya usafiri. Mzigo wa mkoani nautuma kwa basi kutoka Shekilango, mteja anaandika stendi atakayopokelea, na mimi namtumia picha ya risiti ya kifurushi na namba ya basi. Wa nje ya nchi ana fomu yake na anachajiwa kwa uzito. Harusi ikikaribia niandikie mapema, tafadhali.

Na kwa wanaouza khanga hasa: kila khanga iwekeni kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Mteja hatafuti "khanga nyekundu". Anatafuta "Japo sipati tamaa sikati" aliyoiona kwa shoga yake. Mwanzoni niliziita Khanga 001, Khanga 002, na sehemu ya kutafutia haikumsaidia mtu. Nilipoziandika kwa majina, watu wakaanza kuingia kutoka Google moja kwa moja hadi kwenye doti wanayoitaka.

naomba_kujua

Dada, nimeelewa. Nataka kuanza kesho. Naanzia wapi, nikodi seva?

doti_na_vikoi

Seva iache kwanza. Kesho piga simu kwa kampuni mbili tatu za malipo. Waulize wanapokea mitandao gani, wanakata kiasi gani kwa kila mtandao, hela inaingia benki kwako baada ya siku ngapi, wanataka nyaraka gani, na plagini yao inafanya kazi na jukwaa gani. Kwangu kukubaliwa kulichukua wiki tano, na muda wote huo nilikuwa nalipia duka lisiloweza kupokea hela. Wakishakujibu, jukwaa litakuwa limebaki moja au mawili, na hapo ndipo utazame faida yako kwa oda moja na nani atakaa na tovuti.

Ukimaliza kujenga, weka bidhaa ya shilingi 1,000 na uinunue mwenyewe kwa kila mtandao, kwa simu ya bei ndogo, ukiwa unatumia bando la kawaida. Picha zikichelewa, zipunguze. Mimi zangu zilikuwa MB nne kila moja, nikazishusha chini ya KB 200 na mteja wa Tandahimba akaanza kuona vikoi. Kisha mpe mama yako au jirani anunue bila wewe kumwelekeza, ukae pembeni uangalie kidole chake kinakwama wapi.

mtumba_mwanza

Dada nimekaa tangu jana napekua simu. Nimepata namba 212 za walionunua, na saizi za miguu kama 140 hivi. Nimeandika kwenye daftari.

doti_na_vikoi

212! Hongera sana mdogo wangu. Leo usiku zihamishie kwenye faili, nakala nyingine ikae kwa mtu unayemwamini. Belo likifunguliwa, anza na wenye saizi 42, hao ndio wanaokosa mara nyingi.